Shahamu ikidondokea mkaa: ugawe makaa, uinue wavu, ufunike au uchemshe kwanza?

Mtu aliyekulia Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa moto wa mafuta. Ameuona tangu utotoni kwenye karai la korosho. Bibi anateleka karai lililotobolewa juu ya mafiga, anamwaga korosho ghafi, anakoroga kwa fimbo ndefu, na ghafla moshi mweusi unageuka ndimi za moto za kimo cha mtoto. Mafuta ya maganda yamepita kwenye matundu, yamefika kwenye makaa, yameshika. Bibi hamwagi maji. Anarudi hatua moja, analipindua karai mchangani, anazifukia korosho, na moto unakufa kwa kukosa hewa.

Nyama yenye shahamu juu ya wavu inafanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba nyama huwezi kuifukia mchangani halafu ukaiita chakula.

Idi Kubwa iliyopita zamu ya kuchoma iliniangukia mimi. Zilikuwa mbavu za kondoo na kipande cha mkia, cheupe chote, unene wa vidole viwili. Jiko la nusu pipa nikalijaza mkaa kutoka ukingo hadi ukingo, nikapanga mbavu wavu mzima, nikaanza kupepea. Tone la kwanza likasema chwaa. La pili, chwaa. La kumi halikusema kitu, liliwaka tu. Kufumba na kufumbua wavu hauonekani, na mjomba, aliyekuwa kwenye mkeka akisubiri la kukosoa, akanyanyuka na chupa yake ya nusu lita yenye kizibo kilichotobolewa kwa msumari.

“Mjomba, moto dawa yake maji,” akasema. Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo pande zote mbili.

“Shikamoo mjomba, lakini subiri kwanza...”

Hakusubiri. Majivu yalipaa, yakatua kwenye nyama, kwenye kachumbari na kwenye kanzu yake. Mbavu tulizila kwa heshima ya sikukuu, ila nje zilikuwa nyeusi kama sufuria ya shughuli, na karibu na mfupa bado zinatoa damu.

Tangu siku ile nimejaribu kila njia niliyowahi kusikia, kwenye nusu pipa lile lile na kwenye jiko dogo la bati la nyumbani. Naziweka hapa mbili mbili, ili anayetaka kuchagua aone anapata nini na analipa nini.

Kinachowaka

Mkaa uliokolea una joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Shahamu ya ng'ombe huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 200 na kitu. Kwa hiyo tone likigusa kaa linageuka mvuke papo hapo, mvuke unakutana na hewa, unashika moto. Nyama yenyewe haihitaji joto hilo kupata rangi ya kahawia na ile harufu inayomtoa jirani nje: kazi hiyo huanza kwenda vizuri uso wa nyama ukifika nyuzi 140 hivi. Weusi unaoachwa na ndimi za moto ni masizi, hauna ladha ila uchungu. Tena moshi wa mafuta yaliyoungua hupanda na kunata kwenye nyama ukiwa na kemikali za kundi linaloitwa kwa kifupi PAH, na mojawapo, benzopireni, imewekwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtu hafi kwa mshikaki mmoja, lakini hakuna sababu ya kuzitafuta kusudi.

Ili moto huo uwepo, mambo matatu yakutane: mafuta, hewa na makaa yaliyo chini ya tone. Karibu kila njia hapa chini inaondoa moja kati ya hayo.

Kugawa makaa au kuinua wavu

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa, nitakaa kidogo.

Kugawa makaa ni kusukumia mkaa wote upande mmoja wa jiko na kuuacha wa pili mtupu. Nusu pipa limeumbwa kwa kazi hii. Pipa la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi na kipenyo cha sentimita 57 au 58. Ukilipasua kwa urefu unapata handaki la kina cha karibu sentimita 28. Makaa yakikaa upande mmoja kwa sentimita 40, zinabaki zaidi ya 45 za upande wa baridi, mahali pa kutosha kwa mbavu nzima ya mbuzi. Chini ya upande huo naweka sinia la zamani lenye maji kidogo. Nyama inakaa juu ya sinia, inaiva kwa joto la pembeni, shahamu inayeyuka na kudondokea majini. Ikitakiwa rangi, naihamishia juu ya makaa dakika moja, mbili, nageuza. Moto ukiruka, koleo inairudisha upande wa baridi. Ndimi zikikosa tone jipya, zinalala zenyewe.

Gharama yake? Nafasi. Wavu uliokuwa unabeba kilo sita sasa unababua kilo mbili kwa wakati. Na muda: mbavu zilizokuwa zinatoka kwa dakika 25 sasa zinataka karibu saa nzima. Anayechoma kwa biashara jioni, wateja wamesimama na sahani, ataniona mzigo.

Kuinua wavu ni kuweka matofali chini ya nondo za wavu, au kumwambia fundi achomelee meno matatu kwenye ukingo wa pipa ili wavu upande na kushuka. Ukipandisha kwa kiganja kimoja, ndimi nyingi hazifiki kwenye nyama, joto linatawanyika sawasawa, na unatumia wavu wote. Kwa mishikaki mia moja ya harusi sioni njia nyingine. Lakini angalia: makaa bado yako chini ya nyama. Tone bado linaanguka juu ya kaa, linaungua, moshi wake unapanda. Umeuweka moto mbali kidogo, hujaunyima chakula. Na nyama ikikaa mbali mno inakauka kabla haijashika rangi, inatoka kijivu kama imechemshwa.

Kipimo changu ni kiganja. Kiweke usawa wa wavu, uhesabu taratibu. Ukishindwa kwenye mbili au tatu, huo ni moto wa kubabua. Ukifika tano au sita, ni moto wa kuivishia. Kwenye jiko lililogawiwa unavipata vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwenye wavu ulioinuliwa unapata kimoja.

Kwa nyama yenye mafuta nagawa makaa. Kwa nyama kavu na watu wengi nainua wavu. Mwenye meno matatu kwenye pipa lake afanye yote mawili, na sisi wengine tumuonee wivu.

Kufunika au kuacha wazi

Kifuniko kinanyima moto hewa. Nusu ya pili ya pipa ikitiwa bawaba inakuwa kifuniko kizuri, na kwa nyama nene inasaidia kuiva hadi ndani. Tatizo la mapipa yetu ni kwamba fundi hutoboa matundu chini kana kwamba analipwa kwa tundu. Ukifunika juu na chini kumejaa matundu, moto unaendelea kuvuta hewa, na moshi wa shahamu sasa hauna pa kutokea. Ziba nusu ya matundu kwa mawe bapa, au uagize pipa jipya lenye matundu machache. Ukifunua, simama pembeni: hewa ikirudi ghafla, moto nao hurudi.

Wapo wanaofunika kwa kipande cha bati la kuezekea. Mimi siwafuati. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa moshi usiofaa kuvutwa wala kuliwa. Vivyo hivyo nyavu za waya wa kufugia kuku. Nondo au chuma cheusi ndiyo salama. Na pipa lenyewe uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula ni bora kuliko la kemikali, hata ukilichoma moto mara ngapi.

Jiko dogo la bati lenye mlango wa majivu lina njia rahisi kuliko zote: funga mlango. Moto unashuka ndani ya nusu dakika.

Kupunguza shahamu au kuchemsha kwanza

Kupunguza ni kisu na dakika kumi. Acha shahamu ya unene wa nusu sentimita, iliyobaki itoe; hiyo ukiiyeyusha ni mafuta ya kupikia. Usiikwangue yote, maana ladha ya mbavu iko humo. Buchani ukiomba “mchanganyiko” utapewa mfupa, shahamu na nyama kwa bei nafuu. Ukiomba steki utalipa zaidi ila kazi imepungua. Nundu, mkia wa kondoo na mbavu za ng'ombe aliyenona ndizo zinazowasha jiko. Kitimoto, kwa wanaokula, ndiyo mfalme wa moto huu.

Kuchemsha kwanza nilikuwa nakudharau, nikisema hiyo siyo nyama choma, ni supu iliyopigwa pasi. Nimelegeza msimamo. Nyama ya ng'ombe mzee aliyelima miaka kumi haitaiva kwenye wavu bila kukauka. Ukiichemsha na chumvi na tangawizi mpaka ilainike, shahamu inaelea juu unaichota, mchuzi unabaki supu ya asubuhi, na wavuni nyama inahitaji rangi tu. Moto haupati cha kula. Unachopoteza ni harufu ya mkaa kuingia ndani, na utamu fulani unaobaki sufuriani. Ikifutwa maji kwa kitambaa safi kabla ya kupanda wavuni, tofauti inapungua. Nyama iliyolowa haishiki rangi mpaka maji yote yakauke, na mtu akiona haishiki rangi anaongeza moto, hapo ndipo anajiharibia.

Jambo dogo linalosahaulika: mafuta ya kupikia kwenye viungo. Ndimu, kitunguu saumu, papai bichi, tangawizi, vyote havina ugomvi na moto. Vijiko vinne vya mafuta ya alizeti ulivyomimina ili “viungo vishike” vinadondoka kabla ya shahamu yenyewe. Paka wavu mafuta kwa kitambaa, inatosha.

Maji, majivu, au kuhamisha nyama

Moto umeshawaka. Ufanye nini?

Maji ya mjomba yanazima, sikatai. Lakini maji yakigeuka mvuke hutanuka mara 1,700 hivi, na yakifanya hivyo katikati ya mafuta yanayowaka hurusha matone ya moto na majivu kila upande. Moto ukiwa mkubwa, yanaweza kuunguza uso wa aliyesimama karibu. Tena yanaua makaa uliyoyangoja nusu saa.

Majivu ni bora. Wachomaji wazoefu huwa na kopo la majivu ya jana. Wananyunyiza konzi moja juu ya makaa yanayowaka, moto unapungua na joto linabaki. Sharti nyama isogezwe kwanza, la sivyo unaiunga kwa majivu. Mchanga mkavu kwenye ndoo uwe karibu kwa siku mbaya, siku ambayo chakula kimeshapotea na unachookoa ni makuti ya paa. Unga usitupie kabisa. Unga unaopeperuka juu ya moto nao huwaka.

Kuhamisha nyama kunashinda vyote, ila kunahitaji pa kuihamishia. Ndiyo maana narudi kule kule kwenye kugawa makaa. Asiye na upande wa baridi anabaki na chupa ya mjomba.

Kubabua mwanzo au mwisho

Wengi tumefundishwa kuanza na moto mkali “ili kuziba maji ya nyama”. Nyama haizibwi. Maji yanatoka tu, umebabua au hukubabua. Unachopata kwa kubabua ni rangi na ladha. Basi kama faida ni rangi, hakuna ulazima wa kuitafuta wakati nyama ina shahamu yake yote.

Kipande kinene, kuanzia sentimita tatu, mbavu nzima, paja la mbuzi: kianze upande wa baridi dakika 30 hadi 45, kimefunikwa ikiwezekana. Shahamu laini itakuwa imeshashuka kwenye sinia na uso wa nyama umekauka. Sasa kipeleke juu ya makaa, dakika mbili kila upande. Utaona vimoto vidogo vya kidole, siyo ule ukuta wa moto. Kuku wa kisasa naye ni hivyo hivyo: shahamu yake iko kwenye ngozi, kwa hiyo ngozi ndiyo ya mwisho kuyaona makaa. Ndani ya paja lake joto lifike nyuzi 74. Asiye na kipimajoto achome kwa kisu karibu na mfupa aone kama majimaji yanatoka meupe.

Vipande vyembamba, mishikaki na steki iliyokatwa nyembamba havihitaji hesabu hii. Vibabue moja kwa moja, vichache vichache, mkono usiache koleo. Na pweza hana shahamu ya kumwasha mtu yeyote, mpe moto anaotaka.

Mkaa na upepo

Mkaa wa miti migumu uliochomwa ukaiva hautoi ndimi ukishapata ngozi ya majivu meupe, dakika 20 hadi 30 baada ya kuuwasha. Ukiona kijinga kinafuka, kipande ambacho bado ni kuni katikati, kitoe. Vifuu vya nazi vinatoa joto zuri, ila viwake kwanza mpaka ndimi ziishe, ndipo nyama ipande. Maganda ya korosho usiyaguse kwa kazi hii hata kama yamejaa uani bure. Karibu robo ya uzito wa ganda ni mafuta, yale yale yanayobabua vidole vya wabanguaji, na moshi wake unakereketa macho na koo. Kuyatia chini ya nyama ni kununua tatizo ambalo makala yote hii inajaribu kuliuza.

Upepo nao. Miaka hii Idi Kubwa inaangukia kwenye kusi, msimu wa upepo wa kusini. Ukichomea uwani Chikongola, Mtwara mjini, kuta zinakusaidia. Ukichomea ufukweni Shangani, Msangamkuu au kando ya ghuba ya Lindi, kusi linapepea jiko bila kuombwa na ndimi zinalala kuelekea kwenye nyama. Geuza pipa lielekee upepo kwa urefu, makaa yakae mwisho kule upepo unakokwenda, upande wa baridi uwe kule unakotoka. Hapo moto ukiruka unasukumwa nje ya jiko, nyama haiguswi. Nilipolikosea hili mara moja, sinia lenye maji halikusaidia kitu.

Wewe uchague ipi?

Una nusu pipa na nyama iliyonona, na hakuna anayekukimbiza: gawa makaa, weka sinia, anza upande wa baridi, malizia na rangi. Una nusu pipa na shughuli ya watu mia, nyama steki: inua wavu, tandaza makaa kwa wepesi, kopo la majivu karibu. Una jiko dogo la bati tu, duara la sentimita 30, ambalo wavu unakaribia kugusa makaa: usijaribu kugawa, hapana nafasi. Punguza shahamu kwa kisu, chemsha ikiwa ni nyama ngumu, weka vipande vitatu vinne kwa wakati, na mlango wa majivu uwe nusu wazi. Na usipepee nyama ikiwa juu. Kupepea ni kwa kuwashia.

Mjomba bado ana chupa yake. Wiki iliyopita nilipogawa makaa alikaa nayo mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, akaangalia mbavu zikitoka na rangi ya kahawia, akanywa yale maji.

Shahamu iliyoelea kwenye sinia, kama majivu hayakuingia, ichote uichemshe kwenye kikaango mpaka maji yaishe na mlio unyamaze. Menya mihogo, ichome juu ya makaa yanayobaki, ipasue ikiwa ya moto, uipake mafuta yale na chumvi na pilipili. Kwetu mihogo hiyo iliisha kabla ya nyama.